Siku Kumi na Moja Kutoka Tarbaj Hadi Mbele ya Bendi

Nyinyi wa Garissa mliniona nikivuka Tana kwa mtumbwi, sare yangu ya bendi nimeifunga kitita na kuiweka kichwani, na mkanipigia makofi kutoka ukingoni. Wiki tatu baadaye mkaniona nikirudi. Mliponiuliza nilisema nimechoka, nitaeleza siku nyingine. Tangu hapo barua zenu zimenifuata mpaka Wajir, na zote zinauliza jambo moja: kulitokea nini? Naandika mara moja kwa wote, maana sitaki kulisimulia kwa mdomo. Habari za vibali na mihuri nitaziruka. Kila mtu wa kaskazini anazijua na hakuna anayezipenda.

Kwa yule atakayesomewa barua hii na hanijui, mimi ni Jama Warsame. Nilipiga korneti katika bendi ya askari miaka yote ya vita. Vita vilipokwisha nikasomea uongozi wa bendi kozi ya kwanza, Nairobi, nikapata cheti, nikawa msaidizi wa bendimasta wetu Mwingereza. Yeye akiumwa, mimi ndiye niliyesimama mbele.

Tarbaj hadi Wajir

Nilikuwa likizoni Tarbaj, kwa baba yangu, mzee Warsame, mwenye duka la chai, sukari na nguo. Asubuhi moja akaja askari wa kikabila, wale wenye vilemba vyekundu, juu ya ngamia, na ujumbe uliopokewa kwa simu ya upepo kule Wajir. Ulitoka kwa bendimasta. Profesa wa chuo cha muziki cha ng'ambo anakuja Nairobi kuchagua mtu mmoja kati ya watatu. Masomo ya juu ya kuongoza bendi, miaka miwili, kwa waliokwisha kupata cheti. Fika kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Nilihesabu kwa vidole: siku kumi na moja.

Lazima mjue nilivyoitaka nafasi ile, la sivyo yaliyobaki hayatakuwa na maana. Kozi ya kwanza hufundisha kusoma karatasi na kuhesabu mapigo. Mtu akishamaliza hugundua kwamba hajui kitu. Anasimama mbele ya watu arobaini, kila mmoja na chombo chake, na yeye peke yake hana sauti, hata hivyo sauti yao yote ni juu yake. Namna ya kuibeba ndiyo wanayofundisha huko. Nilikuwa nimeiwazia miaka mitatu, na sikumwambia mtu ila rafiki yangu Mutua, mpiga klarineti.

Baba aliamua kunisindikiza mpaka Wajir. Tuliondoka siku ileile na ngamia wawili, yeye mbele na mimi nyuma, na njia nzima akanihoji. Tulizungumza Kisomali, nanyi nawawekea kwa Kiswahili.

"Kwa hivyo huko watakupa tarumbeta kubwa zaidi?"

"Sitapiga kitu, Aabo. Nitaongoza."

"Utaongoza nini?"

"Wanaopiga."

"Wao hawajui kupiga?"

"Wanajua sana."

"Basi wewe wa nini?"

Siku ya pili tulifika visima vya nje ya Wajir, tukawakuta Waborana wakinywesha ng'ombe. Kisima kimoja kilikuwa na wanaume watatu, mmoja chini majini, mmoja katikati kwenye ukingo wa mwamba, na mmoja juu karibu na hori. Ndoo za ngozi zilipanda mkono kwa mkono kwa wimbo, na zile tupu zilishuka hivyohivyo. Nikamwambia Baba amtazame yule wa juu anayeanzisha wimbo. Nikamwuliza, je, akikosea mapigo?

"Ndoo itampiga wa chini kichwani," akasema Baba.

"Kazi yangu ni ya yule wa juu."

Akasimama akitazama mpaka ng'ombe wote wakanywa. "Hiyo ni kazi," akasema. Mjini Wajir, Baba alimweleza habari za kisima kila aliyemwuliza mwanawe anakwenda wapi, na alieleza vizuri kuliko mimi.

Wajir hadi Habaswein

Lori nililopata lilikuwa la Salim, Mhadhrami aliyebeba ngozi na samli kwenda Garissa. Mbele alikaa yeye na maalimu mmoja wa Kurani. Nyuma tulikuwa mimi na Habiba, mama wa makamo aliyekuwa na madebe yake ya samli na mbuzi watatu, na wanaume wengine wanne waliolala tangu tulipoondoka.

Mvua ilitukuta kabla ya Habaswein. Mnaijua ile ardhi. Ikikauka ni jiwe, ikilowa ni uji. Lori liliingia mpaka ekseli na halikutoka siku nne. Tulikata matawi tukayatandika, tukasukuma, likatoka hatua kumi na kuzama tena. Salim hakukasirika. Alitandika mkeka wake mahali penye mwinuko akasema kwamba matope haya yamemnasa mara nyingi, na aliye na haraka atembee. Nilifikiria kutembea. Toka pale hadi Garissa ni nyika tupu yenye simba.

Chakula hakikutusumbua. Habiba alikuwa na nyirinyiri, nyama iliyokaushwa, aliyoihifadhi kwenye samli, akatukaangia mikate ya anjera juu ya bati, na chai ilipikwa kwa maziwa ya ngamia tuliyopewa na wachungaji. Siku ya tatu mbuzi wake mmoja alivunjika mguu tukamla. Kilichoniua ni saa. Kila asubuhi nilihesabu siku zilizobaki, na kila asubuhi gurudumu lilikuwa palepale.

Kabla ya likizo bendimasta alikuwa amenipa karatasi za muziki, na ujumbe ulisema huo ndio nitakaoongoza, kitabu kinene chenye sehemu za vyombo vyote, kimoja juu ya kingine. Nilikiweka juu ya debe, nikajitenga kidogo na wengine, nikafanya mazoezi kwa kijiti cha mswaki. Huku naingiza klarineti, kule nanyamazisha ngoma, kwa kidole cha kushoto nawaomba tromboni wapunguze. Bila bendi, mtu anayefanya hivyo ni mtu anayepigana na nzi.

Habiba alinitazama asubuhi nzima. Kisha akaja akakaa karibu, kwa upole, kama mtu anayemkaribia ngamia mwenye kidonda.

"Mwanangu, mikono yako inamwita nani?"

"Hapo namwita tromboni, eddo." Eddo ndilo jina tunalomwitia shangazi, na mama yeyote wa umri wake tunamheshimu hivyo.

"Tromboni. Ni jini wa upande gani huyo?"

"Si jini. Ni chombo cha shaba, kirefu, kinavutwa hivi."

"Yuko wapi?"

"Nairobi."

"Na anakusikia kutoka hapa?"

Nilipoanza kueleza upya alikuwa ameshakwenda kumwita maalimu. Wakaja wote, hata wale waliokuwa wamelala. Maalimu aliandika aya kwenye ubao wake kwa wino wa makaa, akauosha kwa maji, akanipa maji yale ninywe. Nilikataa mara mbili. Habiba akasema kwamba mtu mzima hakatai. Nikanywa. Wakanisomea Yasini, wamenishika mabega, na mimi jicho langu likawa kwenye debe, ambako mvua ilikuwa imeanza upya na hakuna aliyekumbuka kukifunika kitabu changu. Waliponiachia, kurasa za mwisho zilikuwa zimegandana na wino umekuwa wingu la buluu.

"Sasa umetulia," akasema Habiba, akafurahi kweli.

Sikumjibu vibaya. Nilikaa chini ya lori na kujilazimisha kukumbuka kurasa zile kwa kichwa, chombo baada ya chombo, na zile ambazo sikuzikumbuka nilizitafuta kwa akili, lazima honi za bendi ziwe zinashika hapa, lazima besi ishuke pale. Siku mbili nilifanya kazi hiyo. Siku ya tano jua likatoka, lori likatoka.

Kuvuka Tana

Tulifika Garissa siku ya nane. Sehemu hii mnaijua, nitafupisha. Tana ilikuwa imefurika, kamba ya pantoni imekatika, na magari yalikuwa yamepangwa mpaka sokoni. Watu wa pantoni waliniambia siku nne, labda sita. Mimi nilikuwa na tatu.

Buya, yule Mpokomo wa mitumbwi, nilimkuta ameuvuta mtumbwi wake juu kabisa na kuufunga kwenye mti.

"Serikali imesema hakuna kuvuka," akasema.

"Serikali hiyohiyo imeniita."

"Basi ikuvushe."

Nilirudi kwake alasiri, na nilirudi asubuhi ya pili. Sikuwa na hoja mpya. Mara ya tatu aliniuliza ninakwenda kufanya nini kinachomshinda mtu kungoja maji yapungue, nami nikamwambia kwamba wanachagua mtu mmoja tu, na wataanza bila mimi. Akatafuna kijiti chake muda mrefu.

"Mmoja tu," akasema. "Kati ya wangapi?"

"Watatu."

"Hao wengine wamevuka?"

"Wako Nairobi tayari."

Akaamka akaanza kufungua kamba. Katikati ya mto, maji ya rangi ya chai yakitusukuma kwa ubavu na mti mzima wenye mizizi ukitupita, alisema neno moja tu: nisipumue kwa nguvu. Tulitua mbali sana chini ya mahali tulipokusudia. Mlipopiga makofi nilifikiri shida zimekwisha. Mliona nikipunga mkono. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Garissa hadi Nairobi

Ng'ambo ya pili nilipata lori lililokuwa limeshindwa kuvuka na linageuza kurudi. Abiria wengi walikuwa Wakamba, vibarua waliokuwa wakitengeneza barabara. Njia ilikuwa nzuri, na siku ya kumi tulikuwa tumeacha nyika na kuona mashamba.

Jambo moja la njiani nalieleza, ingawa wakati ule sikulipa uzito. Karibu na Thika palikuwa na kizuizi. Askari akaamuru watu wote washuke na kuonyesha vipande. Wakashuka wakapanga foleni juani, kila mwanamume na kile kibati chake shingoni chenye karatasi ya jina, kabila, alama za vidole na bwana anayemwandika kazi. Nilianza kuinuka pia.

"Wewe nani?" akauliza askari.

"Msomali."

"Kaa tu."

Nikakaa. Wasomali wa ukoo wetu hatukuchukua kipande, na nilizoea hivyo tangu ujana. Foleni ilichukua muda. Mzee mmoja mwenye mguu mbovu alishuka kwa tabu, na alipomaliza kukaguliwa aliomba mkono wa kupandia. Nilimpa.

"Una bahati, bwana," akaniambia, akikaa.

Nilikubali kwa kichwa. Ukweli ni kwamba sikuiona kuwa bahati. Niliiona kuwa haki yangu, na nikarudi kwenye karatasi zangu.

Nairobi

Niliingia kambi ya bendi Jumamosi saa moja asubuhi. Sare ilikuwa na ukungu, viatu vimevimba, na mimi mwenyewe nilinuka ngozi mbichi na samli. Aliyenipokea ni Mutua. Yeye alikuwa mmoja wa wale watatu waliopaswa kujaribiwa, tena siku ileile. Angeweza kunitakia heri na kwenda kujitayarisha. Badala yake aliteka maji, akanitafutia uji, akapasha pasi ya mkaa, akapiga pasi sare yangu huku mimi naoga.

"Nilijua utafika," akasema. "Nilimwambia bendimasta, huyu hata kama ni kuogelea."

Profesa alikuwa mzee mwembamba, kimya, aliyekaa nyuma kabisa ya ukumbi. Wa kwanza aliitwa mpiga ngoma kutoka bendi nyingine. Alihesabu sawasawa lakini macho yake hayakutoka kwenye karatasi. Wa pili Mutua. Aliongoza kwa adabu, kama alivyo, na bendi ilimpenda. Kisha mimi.

Nilipoinua mkono niliona nyuso za watu niliokula nao miaka minane, na woga ukanitoka. Tulianza. Baada ya ukurasa wa kwanza nikasikia kitu kibaya katikati, nikasimamisha. Nikamwambia honi wa pili apige peke yake. Alipiga sauti iliyokuwa juu nusu hatua.

"Karatasi yako inasemaje?"

"Inasema hivyo, sajini."

"Basi karatasi imekosea. Shusha."

Tukaendelea, nikasimamisha tena. Mara hii ilikuwa besi, imeingia pigo moja mapema, na karatasi yake nayo ilisema hivyo. Ndipo nikaelewa kwamba profesa ameziharibu karatasi kwa makusudi ili aone nani anasikia. Palikuwa na makosa manne. Niliyakuta yote manne. La nne lilikuwa katika kurasa zile zilizoharibika Habaswein, ambazo nilizijenga mwenyewe chini ya lori. Kwa kuwa sikuwa na karatasi ya kuitazama, nilikuwa nikisikiliza tu.

Tulipomaliza profesa alikuja mbele, akaniuliza kupitia bendimasta kwa nini nilikawia kabla ya pigo la mwisho. Nikasema nilikuwa nangoja tromboni apate pumzi, maana niliona mabega yake hayajashuka. Profesa akageuka kwa bendimasta akasema sentensi moja ya Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kambini, lakini ile niliielewa: huyu ndiye.

Bendi ilikaa kimya kama ilivyofundishwa. Ila mpiga ngoma kubwa aligonga mara moja, polepole, kwa kidole.

Mchana niliitwa na kamati. Kulikuwa na profesa, bendimasta, na kijana mmoja wa serikali, mpole, mwenye faili. Alizungumza Kiswahili safi, cha vitabuni.

"Baba yako ni Warsame, mfanyabiashara wa Tarbaj?"

"Ndiye."

"Yumo katika orodha ya wazee walioomba wasihesabiwe miongoni mwa wenyeji. Waliomba wahesabiwe pamoja na watu wa Asia. Ombi hili lilifika hapa zamani kidogo, na jamii yenu ilipata ahueni fulani. Unalijua?"

Nililijua. Utoto wangu wote wazee walilizungumzia pale dukani. Sisi si watu wa kipande, tumetoka ng'ambo ya bahari, babu zetu ni Waarabu. Baba aliweka dole lake gumba kwenye karatasi ile na alijivuna.

"Nafasi hii ni ya Mwafrika," akasema kijana. "Imeandikwa hivyo na wanaoitoa. Kwa karatasi za baba yako, wewe si Mwafrika."

"Basi mimi ni nani?"

"Hilo si swali la kamati hii."

Profesa aliuliza kuna nini. Bendimasta alimweleza, na uso wake ulikuwa mwekundu. Profesa alisema maneno mengi, ya hasira, na kijana alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga faili. Nikaambiwa zipo nafasi za watu wa Asia, nikaulize huko.

Jumatatu nikaenda. Ilikuwa ofisi ndogo, na karani Mhindi, mzee, alinipa kiti na chai. Alinisikiliza vizuri, akauliza habari za korneti, akasema mwanawe hupiga tabla. Kisha akakunja mikono.

"Ndugu yangu, wazee wetu hapa wanasema nyinyi Wasomali ni Waafrika."

"Nani kawaambia?"

"Wametazama ramani," akasema. Hakuwa na dhihaka. Alinisindikiza mpaka mlangoni, na pale mlangoni akaniomba radhi kwa jambo ambalo hakulifanya.

Nafasi akapewa Mutua.

Alinijia bwenini nikifunga mzigo. Alisimama, kofia mkononi.

"Sikuomba hivi, Jama."

"Ulikuwa wa pili. Haikuwa yako."

"Najua. Nitawaambia hivyo wakiniuliza, na hawataniuliza."

Ilinipasa ninyamaze. Sikunyamaza. Nilimwambia kwamba makosa manne yale yeye alisikia moja tu, na huko aendako watamcheka. Mutua hakupandisha sauti. Si mtu wa kupandisha sauti.

"Mara ngapi tumesafiri na bendi kwa lori?" akauliza. "Kila kizuizi, sisi sote tulishuka. Wewe ulikaa. Miaka minane, Jama. Wewe ndiye sajini wetu, unaijua sauti ya kila mmoja wetu, unajua ni nani anavuta pumzi lini. Na hata siku moja hukushuka ukasimama nasi."

"Hawakuniita nishuke."

"Ndiyo," akasema. "Hawakukuita."

Akavaa kofia akatoka. Hatujaonana tena. Nasikia ameshaondoka, na kwamba bandarini bendi ilimpigia.

Kurudi

Njia ya kurudi haina masimulizi. Mvua ilikuwa imekwisha, mto umeshuka, pantoni inavuka, matope ya Habaswein yamekuwa vumbi. Kila kilichonizuia nikienda kilikuwa kimeondoka. Nilipita kwenu Garissa, mkaniuliza, mkaona uso wangu. Nilikaa juu ya magunia mpaka Wajir nikimwaza Baba, na maneno niliyokuwa nayatayarisha hayakuwa mazuri.

Wajir

Nilimkuta anangoja, kwa rafiki yake muuza majani chai. Alikuwa amekaa pale tangu niondoke, wiki zote zile, asirudi Tarbaj, ili asikie habari siku ileile. Alinisalimu, akanisubiri nioge na kula. Ndipo akauliza.

"Wamekuchukua?"

"Walinichagua, Aabo. Kisha wakaniacha."

"Kwa kosa gani?"

Nilikuwa nimejiapiza nitamwambia bila kupunguza, na ndivyo nilivyofanya. Nikamwambia habari za orodha, habari za dole lake, habari za Mhindi. Nikamwambia kwamba yeye na wazee wenzake walinunua jina ambalo hakuna mtu anayelitambua, na mimi ndiye niliyelilipia. Yalikuwa maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake. Mwenye nyumba aliinuka akatoka nje.

Baba alikaa akitazama mkeka. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Kabla hujazaliwa nilimwona mtu Isiolo. Mtu mzima, mwenye watoto. Mzungu alimvuta kwa kile kibati cha shingoni, kama mbuzi, asome jina lake. Nikasema, nikipata mwana, hatavutwa hivyo. Nilifikiri hilo tu. Hakuna aliyeniambia kuna mlango mwingine mbele."

Niliona haki yake, na hasira yangu haikupungua hata chembe. Sikujua kabla kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja.

Asubuhi alivaa kanzu yake ya Idi, akachukua fimbo, akaniambia nimfuate. Tulikwenda ofisi ya serikali. Karani wa pale ni mtu wa bara, na Baba alilazimika kusema Kiswahili chake, ambacho si kingi, na ambacho hakina p, v wala z.

"Mimi nataka futa kidole," akasema.

"Kidole gani, mzee?"

"Kidole mimi naweka karatasi. Samani. Ile karatasi inasema mimi habana Mwafrika. Sasa nataka kuwa. Kama kibande, lete kibande, mimi nafaa. Huyu kijana yangu bia nafaa."

Karani alinitazama kama nimemleta mzee mwenye maradhi. Nikamweleza kwa ufupi. Alisikiliza, akakuna kidevu.

"Mzee, wote wanaokuja hapa wanaomba kinyume chake."

"Wewe futa tu."

"Dole halifutiki. Karatasi yenyewe haiko hapa, iko mbali, labda Nairobi, labda Ulaya."

"Basi andika ingine. Andika, Warsame alikosea."

"Hakuna fomu ya hivyo, mzee."

Baba alibaki amesimama. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu, watu wa mashauri ya visima na mifugo, wote wanasikia, na wengine wanamfahamu. Alinyoosha dole gumba lake juu ya meza, jeusi, lenye kovu la kamba, akaliacha pale mbele ya karani kana kwamba mtu anaweza kulichukua na kulifanyia kitu. Karani akatazama kando. Nikamshika Baba mkono tukatoka.

Bendimasta ameniandikia nirudi kazini, na nitarudi likizo yangu itakapokwisha. Nitasimama mbele akiumwa. Hayo ndiyo yaliyotokea.

Sijamsamehe Baba. Wala sijamwambia kwamba sijamsamehe, ingawa nadhani anajua. Mchana ule, tulipotoka ofisini, tulikula sahani moja, wali na nyama ya mbuzi, na kila mnofu uliokuwa upande wake aliusukuma kwa kidole upande wangu. Nami nikala.